Namungo, Timu Iliyotoka Bara ya Kusini

Mto Ruvuma, ambao wakoloni waliufanya mpaka baina ya Mjerumani na Mreno, na ambao wazee wetu waliujua tangu dahari kuwa ni maji ya kuvukwa, haujapata kulizuia neno lolote lisipite: umepitisha arusi na matanga, chumvi na papa mkavu, mashehe na wanafunzi wao wa chuoni, wapiganaji na wakimbizi, na, tangu redio ilipoingia katika nyumba zetu za makuti za Palma na Mocímboa da Praia, kaskazini mwa Msumbiji, umepitisha pia sauti ya mtangazaji wa mpira kutoka Dar es Salaam. Mimi niliyezaliwa Palma niliyajua majina ya wachezaji wa Simba na Yanga kabla sijayajua ya wachezaji wa Maputo, wala jambo hilo lisimstaajabishe mtu, kwani Maputo iko mbali nasi kuliko Dar es Salaam kwa masafa na kwa lugha pia. Kwa watu wa Dar es Salaam sisi ni kusini ya kusini, na kwa watu wa Maputo sisi ni kaskazini ya kaskazini. Na aliyewekwa mwisho kwa pande zote mbili hujifunza kutega sikio.

Mwaka 2019, jina jipya lilipoanza kutajwa katika matangazo ya Ligi Kuu ya Tanzania Bara, mzee mmoja jirani yetu, mvuvi, alikuwa ameketi barazani akishona jarife lake huku akisikiliza, akaniuliza, "Mwanangu, hiyo Namungo ni mtu au ni mji?" Nikamjibu kwa taadhima kwamba sikujua vema, illa nilisikia kuwa ni timu ya Ruangwa. "Ruangwa," akasema, "naijua. Iko jirani na Nachingwea. Huko tulipita." Kisha akanyamaza, akarudi katika nyuzi zake, nami nikafahamu kuwa hakuwa akizungumza habari ya mpira tena.

Yafaa nieleze aliyoyanyamazia, maana bila ya hayo msomaji hatajua kwa nini timu ya wilaya ndogo ya mkoa wa Lindi iliweza kutugusa moyo sisi tulio ng'ambo. Baada ya Vita Vikuu vya Pili, Waingereza walikuja Nachingwea na matrekta yao kulima karanga, wakitaraji kuijaza Ulaya mafuta. Mpango ule ulianza mwaka 1947 na ukafa mwanzoni mwa miaka ya 1950, ukaacha nyuma yake majengo, barabara na mashamba yaliyorudi kuwa pori. Ikawa kheri kwetu, kwa kuwa katika nchi hiyohiyo FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji, kilipewa mahali pa kuwafundishia askari wake, na vijana wa mkoa wetu wa Cabo Delgado, Wamakonde kwa Wamwani kwa Wamakua, walivuka Ruvuma, wakafunzwa Nachingwea, wakarudi kupigana vita vile vya ukombozi vilivyoanza mahali paitwapo Chai tarehe 25 Septemba 1964. Samora Machel aliwafunza huko kabla hajawa Rais, na ilipokaribia siku ya uhuru, mwezi wa Mei mwaka 1975, safari yake ya kuishika nchi kutoka Ruvuma mpaka Maputo aliianzia upande huo. Kwa hiyo wazee wetu wakisikia Nachingwea, au Ruangwa iliyo jirani yake, hawasikii majina ya ugenini. Wanasikia maskani yao ya ujana.

Walakini kwa Watanzania wenyewe, kusini kule kulikuwa na jina la kuachwa. Masika yakija, Mto Rufiji ulikuwa ukiikata Lindi na Mtwara na nchi nyingine, abiria wakingoja kivuko siku kwa siku. Hali hiyo ilidumu mpaka mwaka 2003, lilipofunguliwa daraja lililopewa jina la Rais Benjamin Mkapa, naye alikuwa mtoto wa kusini hukohuko, mzaliwa wa Masasi. Timu ya mpira haiwezi kushinda ligi ikiwa haiwezi kusafiri, na mgeni hapendi kwenda mahali ambapo hajui atarudi lini. Ndiyo sababu aghalabu Ligi Kuu ilikuwa mali ya Dar es Salaam, pamoja na miji michache yenye reli au viwanda, na kusini kulihesabiwa kuwa ni mahali pa kuzaliwa wachezaji, si pa kuwaweka. Mwaka 2014 Ndanda ya Mtwara ilipanda daraja, ikachezea uwanja wa Nangwanda Sijaona, na kwa miaka sita ilipambana na ufukara wake kwa ushujaa ambao nadhani haukupata kusifiwa ipasavyo. Mwaka 2020 ikashuka. Lakini mwaka mmoja kabla Ndanda haijashuka, Namungo ilikwisha panda.

Jina lenyewe si la mtu, wala si la mji mkubwa. Namungo ni mahali katika wilaya ya Ruangwa wanapochimba wachimbaji wadogo, watu wa sururu na mashimo, na timu ikachukua jina hilo ikalipandisha nalo ngazi kwa ngazi, mpaka katika msimu wa 2018/19 ikamaliza Ligi Daraja la Kwanza ikiwa imepata tiketi ya kwenda juu, pamoja na Polisi Tanzania. Mjini Ruangwa kulikuwa na uwanja ulioitwa Majaliwa, kwa jina la Kassim Majaliwa, mwalimu wa kazi, aliyekuwa Mbunge wa Ruangwa tangu mwaka 2010 na Waziri Mkuu wa Tanzania tangu Novemba 2015. Naye hakuficha hata siku moja kuwa hiyo ni timu ya nyumbani kwake na kwamba furaha yake na yao ni moja.

Wapo waliosema kuwa timu yenye mlezi wa cheo hicho haikupanda kwa miguu yake. Siikatai hoja hiyo yote, maana haikosi ukweli, na mwandishi wa tarikhi asiyesema kweli kuhusu fedha na ukubwa hana amana. Lakini tutazame pande zote. Azam, iliyopanda Ligi Kuu mwaka 2008 na kutwaa ubingwa katika msimu wa 2013/14 bila ya kufungwa hata mechi moja, ilibebwa na nyumba ya biashara kubwa iliyoijengea uwanja na makazi Chamazi. Kwetu Msumbiji, União Desportiva do Songo, mabingwa wa Moçambola, ligi kuu ya kwetu, mwaka 2017 na tena 2018, wanatoka katika kimji kilichozaliwa na bwawa la Cahora Bassa, na umeme wa bwawa hilo ndio uliowalisha. Black Bulls ya Maputo, iliyotwaa ubingwa mwaka 2021 katika msimu wake wa kwanza kabisa wa Moçambola, nayo ina mwenye mali nyuma yake. Sijapata kusikia habari ya timu changa, katika pwani hii wala mahali pengine, iliyopanda kwa dua peke yake. Swali lenye maana ni jingine: fedha na ukubwa vikishaitoa timu chini, je, inabaki kuwa ya watu wake, ama inachukuliwa na kupelekwa mjini? Namungo haikupelekwa mjini. Ilibaki Ruangwa, na wakubwa wakalazimika kuifuata huko, kwa barabara ileile ndefu ya kusini. Kwa rai yangu, hicho ndicho kilichoifanya kuwa timu, na sioni sababu nyingine iliyo kubwa kuliko hiyo.

Msimu wa 2019/20 ulikuwa na timu 20 na mechi 38 kwa kila timu, mzigo mzito kwa wageni wa daraja. Kocha alikuwa Hitimana Thierry, Mnyarwanda aliyekwisha kuijua ligi kwa kufundisha Biashara United ya Mara, mtu aliyeamini mpangilio kuliko kelele. Mbele alikuwa na Reliants Lusajo, mshambuliaji ambaye hakuhitaji nafasi tatu ili afunge bao moja, na Bigirimana Blaise kutoka Burundi, mwenye nguvu za kuwashughulisha walinzi wawili kwa pamoja; katikati alikuwapo Lucas Kikoti, ambaye mguu wake ulijua kuupeleka mpira mahali palipo wazi kabla wengine hawajapaona. Hawa hawakuwa watu wa majina makubwa. Wengi wao walikuwa wamekwisha pita katika timu za kati na kati, wakaachwa au wakasahauliwa, na Ruangwa ikawapa nafasi ya kujithibitisha kwa mara nyingine. Na mchezaji aliyesahauliwa akipata mahali pa kutulia hucheza kwa shauku ambayo mchezaji anayebembelezwa hana.

Nakumbuka vema usiku ule wa mwishoni mwa Januari 2020, walipokwenda Dar es Salaam kucheza na Simba. Walifungwa mabao 3 kwa 2, ila ilikuwa ni kufungwa kwa namna ambayo mshindi alitoka uwanjani akijipangusa jasho kwa kitambaa kirefu, na sisi barazani tulivunjika makundi mawili tukibishana hadi taa ikazimwa. Kisha mwezi wa Machi likaja lile janga la korona lililofunga dunia nzima. Ligi ikasimama, viwanja vikanyamaza, na redio, ambayo sisi tuliizoea kwa mpira, ikawa ya kuhesabu wagonjwa wa nchi za watu. Mwezi wa Juni Tanzania ikawa miongoni mwa nchi za mwanzo Afrika kurudisha mpira uwanjani, na Namungo ikarudi kana kwamba haikuondoka.

Tarehe 8 Julai 2020 ndiyo siku ambayo, kama ningekuwa mchoraji, ningeichora. Simba walikuwa wamekwisha uthibitisha ubingwa wao siku chache kabla, huko Mbeya, na ratiba ikawa imewapeleka Ruangwa. Ikaamuliwa kuwa kombe la Ligi Kuu wakabidhiwe hukohuko. Fikiri, ewe msomaji: kombe lililozoea kukabidhiwa mbele ya majukwaa makubwa ya mijini, linafikishwa katika wilaya ya wachimbaji na wakulima wa korosho na ufuta, mbele ya Waziri Mkuu na mbele ya watu ambao miaka michache nyuma hawakuwa hata na timu ya kuitaja. Na wenyeji, ambao adabu ya kukaribisha mgeni aliyevaa taji ingeweza kuwalegeza, hawakulegea. Mechi ikaisha bila kwa bila. Mabingwa wakapokea kombe lao, wakaimba, wakaondoka. Lakini waliliinua katika uwanja ambao hawakushinda. Mwisho wa msimu Namungo ikawa ya 4, nyuma ya Simba, Yanga na Azam, na kwa timu iliyoingia msimu huohuo cheo hicho kilikuwa fakhari isiyohitaji kupambwa kwa maneno.

Na bado palikuwa na Kombe la Shirikisho. Katika nusu fainali Namungo iliifunga Sahare All Stars huko Tanga bao 1 kwa bila, na Simba ikaifunga Yanga 4 kwa 1, ikawa fainali ni ya hao hao waliogawana sare Ruangwa. Kabla ya fainali hiyo msiba ukaingia: tarehe 24 Julai 2020 alifariki Benjamin Mkapa, na tarehe 29 akazikwa Lupaso, Masasi, katika ardhi ya kusini. Watu wa Lindi na Mtwara walikuwa wametoka kumzika mtu wao aliyewajengea daraja, ilhali siku nne baadaye, tarehe 2 Agosti, wakawa wanangoja habari za vijana wao kutoka uwanja wa Nelson Mandela, Sumbawanga, mwisho mwingine kabisa wa nchi.

Hapa ndipo sisi wa Cabo Delgado tulipokuwa na moyo uliogawanyika, na sababu yake ni kijana mmoja. Mwezi wa Agosti 2019, katika Ligi ya Mabingwa Afrika, Simba walikutana na UD Songo. Wakatoka suluhu Beira, wakaja Dar es Salaam wakiamini kazi imekwisha, na Luis Miquissone, winga mdogo wa umbo wa UD Songo, akapiga mpira wa adhabu uliokwenda wavuni. Mechi ikaisha 1 kwa 1, na kwa bao hilo la ugenini Simba wakatolewa mapema kuliko walivyopata kuota. Simba hawakumsahau aliyewaumiza. Miezi michache baadaye, Januari 2020, walimsajili. Kwa hiyo katika fainali ile ya Sumbawanga, Mmsumbiji wetu alikuwa amevaa nyekundu, na majirani zetu wa Ruangwa walikuwa upande wa pili. Miquissone akafunga bao la kwanza. John Bocco akafunga la pili. Edward Manyama akairudishia Namungo moja katika kipindi cha pili, na kwa muda uliobaki wale wageni wa ligi waliwabana mabingwa kwa namna ambayo mtangazaji alikuwa akishika pumzi. Lakini ikaisha 2 kwa 1. Tulimshangilia kijana wetu, kisha tukanyamaza kwa ajili ya wale wengine. Nimekwisha kuona watu wakishangilia na kuhuzunika kwa mechi moja katika nafsi moja, wala si unafiki. Ni tabia ya watu wa mpakani.

Kwa kuwa Simba walikuwa na ubingwa wa ligi pia, nafasi ya kuiwakilisha Tanzania katika Kombe la Shirikisho Afrika ikawaangukia Namungo. Mwisho wa mwezi huo wa Agosti walikwenda Arusha kucheza na Simba mechi ya Ngao ya Jamii, wakafungwa 2 kwa bila. Mechi hiyo sikuisikiliza. Siku chache tu baada ya fainali ya Sumbawanga, kabla Agosti haijafika katikati, Mocímboa da Praia, mji uliokuwa umekwisha shambuliwa tangu Oktoba 2017, ulikuwa umechukuliwa na waasi wenye silaha, na ungebaki mikononi mwao mwaka mzima. Watu waliingia Palma kwa miguu na kwa vyombo vya bahari, wenye watoto mgongoni, wenye mashuka tu, wengine hawana hata hayo. Walioweza walikwenda Pemba, ile ya kwetu Msumbiji, wakashukia ufukweni Paquitequete. Redio wakati huo haikuwa ya mpira.

Lakini muda hauwangoji wenye huzuni, nao Namungo walikuwa na safari yao. Novemba 2020, wakicheza Chamazi kwa kuwa uwanja wa nyumbani haukuwa na yale yanayotakiwa na shirikisho la Afrika, walianza na Al Rabita ya Sudani Kusini, wakaifunga mabao 3 kwa bila wakasonga mbele. Wakaja Al Hilal Obayed wa Sudani. Namungo wakawafunga 2 kwa bila nyumbani, na kule Sudani wakatoka 3 kwa 3, sare ya mabao mengi ugenini ambayo timu kongwe zingeionea fakhari. Wakati huo Hitimana alikwisha kuondoka na kiti chake kikakaliwa na Hemed Suleiman wa Zanzibar, yule wanayemwita Morocco, ambaye baadaye angeiongoza Taifa Stars yenyewe.

Mlango wa mwisho wa kuingilia makundi ulikuwa na mlinzi mkali: Primeiro de Agosto ya Luanda, timu iliyoasisiwa na jeshi la Angola mwaka 1977, iliyoshuka kutoka Ligi ya Mabingwa. Namungo wakaenda Luanda katikati ya Februari 2021. Walipofika, wakapimwa, baadhi yao wakaambiwa wana korona, na mamlaka ya huko yakawazuia. Mechi ikafutwa, msafara ukawa kama mfungwa katika nchi ya watu, na hata wenzao walipopata idhini ya kurudi, baadhi ya wachezaji pamoja na kiongozi wao wakaachwa nyuma katika karantini. Nchini Tanzania watu walighadhibika, na kila mtu alikuwa na fatwa yake. Hatima ya kadhia ile ilikuwa hukumu ya shirikisho la Afrika kwamba mechi zote mbili zichezwe Dar es Salaam. Ndipo vijana wale waliotoka kizuizini, pungufu ya wenzao, wakaingia uwanjani Chamazi na kuifunga Primeiro de Agosto mabao 6 kwa 2.

Sita! Mtangazaji alikuwa akihesabu kama mtu anayehesabu fedha za kuokota, haamini na hataki kukoma. Siku chache baadaye, katika marudiano, Waangola wakaamka wakashinda 3 kwa 1, na kwa nusu saa ya mwisho tulihofu kuwa hazina yote itamwagika. Lakini jumla ikawa 7 kwa 5, na Namungo wakaingia katika hatua ya makundi. Ukiziweka kando Simba na Yanga, hapakuwa na klabu ya Tanzania iliyopata kufika hapo kabla yao, hata Azam pamoja na mali yake yote. Timu ya mahali pa mashimo na sururu, katika msimu wake wa pili tu wa Ligi Kuu, ilikuwa sasa inapangwa pamoja na Raja ya Casablanca, Pyramids ya Kairo na Nkana ya Zambia.

Yaliyowapata huko nitayasema kwa ufupi. Mechi sita, na hawakupata pointi hata moja. Raja, waliomaliza wakilitwaa kombe lenyewe mwezi wa Julai, walikuwa katika daraja nyingine. Pyramids walikuwa na fedha za kumnunua mchezaji mmoja kwa bei ya timu nzima. Na Nkana walikuwa na uzoefu wa miaka mingi wa mashindano ya Afrika. Kwa rai yangu, hasara kubwa ya Namungo haikuwa hiyo. Hasara ilikuwa kwamba mechi hizo zote za utukufu, kuanzia Al Rabita hadi ya mwisho, zilichezwa mbali na Ruangwa. Wachimbaji na wakulima walioipandisha timu kwa sauti zao waliyasikia mabao sita kama tulivyoyasikia sisi, kwa redio, au waliyaona kwa televisheni katika vibanda vya kulipia. Timu ilifika Afrika, lakini uwanja wake haukufika nayo.

Na mimi mwenyewe, siku za makundi, sikuwa na redio. Katikati ya Machi 2021 Tanzania ilimpoteza Rais wake, John Magufuli, na majirani zetu wakaingia katika maombolezo. Kisha tarehe 24 Machi Palma ikashambuliwa. Sitayaeleza ya siku hizo hapa, kwani yana mahali pake. Inatosha kusema kuwa watu wengi walikufa, na makumi ya maelfu ya watu walitawanyika, wengine msituni, wengine kuelekea Ruvuma, wengine kwa vyombo kwenda Pemba, nami nilikuwa miongoni mwa hao wa mwisho. Habari kwamba Namungo wamefungwa na hawa na hawa zilinifikia baadaye, zote kwa pamoja, kama barua zilizochelewa, katika ua wa nyumba ya watu wema wa Paquitequete tulimolala aila tatu.

Pemba nayo, kwa njia yake, ilikuwa na kiu ya mpira. Vijana waliotoka Macomia, Quissanga, Mocímboa na Palma walikuwa wakigawana pande mbili mchangani kila alasiri maji yakipwa, na baadaye Baía de Pemba, klabu ya mji huo, ikapanda Moçambola, ikawafanya wakubwa wa Maputo na Beira wapande ndege kuja mpaka kwenye ghuba yetu. Habari hiyo inastahili tarikhi yake, nayo itaandikwa na mtu aliyekaa karibu zaidi na uwanja ule.

Yule mzee wa jarife naye aliokoka. Nilimkuta Paquitequete mwishoni mwa mwaka 2021, wakati majeshi yalikwisha kuirudisha Mocímboa da Praia tangu Agosti na watu wakianza kuulizana nani atathubutu kurejea wa kwanza. Nilimwamkia, akaniitikia, tukaketi. Hakuniuliza habari za nyumba yangu, maana aliijua, wala mimi sikumwuliza habari ya chombo chake. Baada ya kimya kirefu akasema, "Na yule kijana wetu aliyewafunga watu wa Ruangwa, yuko wapi sasa?"

Nikamwambia kuwa Miquissone amenunuliwa na Al Ahly, amekwenda Misri.

"Misri," akasema. "Mbali. Na wale wa Ruangwa wenyewe?"

"Wapo, babu. Hawajashuka. Wanacheza palepale kwao."

Akatikisa kichwa polepole, akaniomba nimwelekeze mahali panapouzwa nyuzi za nyavu.